Paka wa Paris, paa wa Unguja

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Ninafundisha Kiswahili sekondari huku Mbagala, na jioni nasoma shahada ya umahiri. Nataka tasnifu yangu iwe juu ya ile hadithi ya Paka Mwenye Buti, namna inavyobadilika kutoka nchi hadi nchi na zama hadi zama. Bibi yangu, mzaliwa wa Makunduchi, alikuwa akitusimulia ya paa aliyemtajirisha maskini, na kila nikiisoma ya Wazungu naona ni ileile. Msimamizi wangu anataka nioneshe ipi ndiyo ya asili. Je, sisi tuliwaiga wao, au wao walituiga sisi? Na nianzie wapi, maana vitabu nilivyopewa vimejaa namba na majedwali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile ambalo huenda msimamizi wako hatalifurahia: swali la nani alimwiga nani halitakupa tasnifu. Litakumalizia muda, na mwisho wake utabaki na dhana. Si kwamba ni swali la kipuuzi. Kaarle Krohn na wenzake wa Ufini walilijengea njia nzima ya utafiti: kusanya kila toleo la hadithi moja, lipange kwa nchi na kwa tarehe, linganisha kipengele kwa kipengele, hadi ulifikie umbo la kwanza. Walikusanya kwelikweli, na mpaka leo tunakula jasho lao. Ila lile umbo la kwanza waliloliunda mezani ni hadithi ambayo hakuna bibi yeyote aliyewahi kumsimulia mjukuu yeyote.

Swali litakalokupa tasnifu ni jembamba zaidi: yule mnyama alilipwa nini?

Nieleze kwa nini nachagua hilo. Maskini anabaki na mnyama mmoja ambaye kwa macho ya watu hana thamani. Mnyama anasema. Anakwenda kwa mfalme na zawadi, anamtajia bwana wake kwa cheo cha uongo. Anamvua bwana huyo nguo penye maji na kupiga kelele kwamba kaibiwa, ili mfalme amvike upya. Anatangulia mbele, anaipata nyumba kubwa ya mtu mwingine na kuifanya ya bwana wake. Harusi inafungwa. Mpaka hapo matoleo yanafanana kiasi cha kuchosha, na ukiandika sura tatu juu ya kufanana huko, mtahini atasinzia. Baada ya harusi ndipo kila msimulizi anaposema lake, kwa sababu baada ya harusi kuna deni.

Twende nalo kwa tarehe. Toleo la kale zaidi lililochapishwa ambalo utalishika mkononi ni la Giovanni Francesco Straparola, katika juzuu ya pili ya hadithi zake, Venice, 1553. Mama maskini wa Bohemia anakufa. Wana wawili wakubwa wanarithi chombo cha kukandia unga na ubao wa kusukumia, na mdogo, Costantino, anarithi paka jike ambaye kumbe ni kiumbe mwenye nguvu za ajabu. Paka anafanya yote yanayojulikana, Costantino anamwoa binti wa mfalme na baadaye anakuwa mfalme. Na paka? Hatajwi tena. Hakushukuriwa wala hakutukanwa. Ukimya huo usiupite haraka, maana ni jibu nao.

Wa pili ni Giambattista Basile wa Naples. Alifariki mwaka 1632, na kitabu chake, kilichoandikwa kwa lahaja ya Naples, kikatoka kati ya 1634 na 1636. Humo baba maskini anamwachia mwana mmoja chekeche na mwingine, Cagliuso, paka jike. Akishatajirika, Cagliuso anamwapia paka kwamba siku akifa atamtia dawa asioze na kumweka ndani ya kizimba cha dhahabu. Paka si mjinga. Siku chache baadaye anajilaza bustanini, anajifanya kafa. Mke anamletea mumewe habari kwa uchungu, mume anajibu amshike mguu amtupe dirishani. Hapo paka anasimama, anamwambia maneno ambayo wewe mwenyewe ungependa kumwambia, na anaondoka moja kwa moja. Basile alitumikia wakubwa maisha yake, mara askari, mara mtu wa ikulu, mara mtawala wa miji midogo kwa niaba ya mabwana wengine. Mimi naisoma hadithi hiyo kama ya mtu anayezijua vizuri ahadi za wenye nacho.

Halafu anakuja Charles Perrault, Paris, 1697, ambaye ndiye dunia nzima inamkumbuka. Paka sasa ni dume na amevaa buti. Wana ni watatu, wa mwenye kinu. Zimwi lenye nyumba linadanganywa lijigeuze panya, linaliwa. Na malipo? Paka anakuwa bwana mkubwa, wala hawindi tena panya ila kwa kujifurahisha. Deni limelipwa, hakuna aliyeudhika. Perrault aliwahi kuwa afisa wa serikali ya mfalme Louis XIV chini ya waziri wake Colbert, na mafunzo mawili aliyoyaweka mwishoni yanamtambulisha: la kwanza linasema bidii na ujanja vinamfaa kijana kuliko urithi, la pili linakiri kwamba mavazi, sura na ujana vina nguvu ya kuvuta moyo wa binti. Pale Versailles, kwenye jumba la mfalme, mtu alipimwa kwa alichovaa, na paka aliyeomba mfuko na buti kabla ya kitu kingine alikuwa ameuelewa mji.

Ndugu wa Grimm wakaichapisha Ujerumani mwaka 1812, nambari 33 katika juzuu yao ya kwanza, na mwishoni paka anakuwa waziri mkuu. Toleo lililofuata waliiondoa. Waliipata kutoka kwa familia yenye asili ya Kifaransa, na waliona wazi imefanana mno na ya Perrault ili kuitwa hadithi ya Wajerumani. Jambo hili lieleze kwa msimamizi wako kwa upole: hata hao walioanza kazi ya kutafuta asili walijikuta wanafuta waliyokwisha kuyachapisha.

Sasa njoo kwetu. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye kuwa askofu, alichapisha London kitabu cha ngano za Zanzibar, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo imo ya Sultani Darai. Maskini anachakura jaani kama kuku, akitafuta punje za kula. Anaokota thumni, sarafu ndogo. Anapita Mhadimu, mwenyeji wa mashamba ya Unguja, na kizimba cha paa, majirani wanamcheka maskini kwa kumwita muuzaji, naye ananunua paa mmoja kwa thumni ileile. Paa anaomba ruhusa kwenda malishoni, anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani kwa jina la Sultani Darai na kumposea bwana wake binti. Penye maji anamwogesha na kumwombea nguo. Anatangulia kwenye jumba la nyoka wa vichwa saba, anamuua kwa upanga, jumba linakuwa la bwana wake.

Kisha paa anaugua. Kizee cha nyumbani kinapeleka habari. Bwana anaagiza apikiwe uji wa mtama. Mke anamsihi, yeye anakumbusha kwamba mnyama mwenyewe alimnunua kwa thumni. Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani. Mke anamwandikia baba yake, sultani anakuja na watu wake, paa anatolewa na kuombolezwa. Usiku huo mke anaota yuko kwao, na akiamka yuko kwao. Mume anaota anachakura jaani, na akiamka yuko jaani.

Soma tena hapo penye kifo. Naples paka anajifanya kufa. Mwaka uleule wa 1870, Laura Gonzenbach wa Messina alichapisha huko Leipzig hadithi za Sicily, na ndani yake mnyama ni mbweha. Naye anajifanya kufa ili ampime bwana wake, bwana anasema atupwe, mbweha anainuka na kumkumbusha utajiri umetoka kwa nani. Bwana anaogopa, anaomba radhi, wanapatana na kuendelea kuishi pamoja. Kwa hiyo Italia kifo ni mtihani: bwana akifeli, bado kuna aliyebaki hai wa kumkaripia, na Sicily kuna hata nafasi ya kusamehewa. Unguja hakuna mtihani. Paa amekufa kweli, hakuna wa kuombwa radhi, na kinachofuata ni hukumu tu. Tena hukumu haitamkwi na mtu. Mali inarudi ilikotoka, kwa ndoto.

Kama tasnifu yako itaeleza tofauti hiyo moja vizuri, nitakuwa wa kwanza kuisoma.

Maelezo yapi? Hapa nakupa dhana yangu, uipime. Zanzibar ya 1870 ilikuwa mji wenye soko la watumwa lililo wazi. Lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu ambalo Steere mwenyewe alilisimamia likajengwa mahali pake. Sisemi paa ni mtumwa aliyevikwa ngozi. Nasema msikilizaji wa mji ule alijua maana ya kumnunua kiumbe kwa bei ya chini, kiumbe huyo akakufanyia jina, kisha siku ya ugonjwa wake ukaitaja bei. Neno la thumni linapotamkwa mara ya pili, mwishoni, linauma kwa sababu linatoka kwenye kinywa cha mnunuzi. Paka wa Ulaya wanarithiwa, huyu kanunuliwa. Ukitafuta tofauti ndogo yenye uzito mkubwa, ni hiyo.

Na kwa nini paa, wakati sungura yupo? Ujanja wote katika ngano zetu ni mali ya sungura. Angeingizwa yeye hapa, msikilizaji angecheka, na bwana asiye na shukrani angeonekana kapata mjanja mwenzake. Paa wa misitu ya Unguja ni mnyama wa kuwindwa na kuliwa, hana sifa ya hila, anatisha nani? Anapodanganya, anadanganya kwa ajili ya mwingine. Kwingineko wasimulizi wamechagua vingine: Urusi na Kaukasi ni mbweha, Bengali ni bweha anayemposea mfumaji maskini binti wa mfalme katika mkusanyo wa Lal Behari Day wa 1883, Ufilipino ni nyani katika mkusanyo wa Dean Fansler wa 1921. Karibu wote hao ni wanyama wenye sifa ya werevu kwao. Paa ni wa peke yake katika kundi hilo, nami nadhani amechaguliwa ili kifo chake kisichekwe.

Sasa swali lako la kuiga. Jibu fupi: ya Unguja haiwezi kuwa nakala ya Perrault tu, kwa sababu kiini chake, yaani bwana asiye na shukrani, hakimo kwa Perrault. Kimo kwa Basile, miaka 63 kabla yake, na kimo midomoni mwa wasimulizi wa Sicily ambao hawakuhitaji kitabu. Hiyo ni dalili kwamba hadithi ilitembea kwa midomo kwa njia nyingi, na Perrault ni kituo kimoja chenye taa kali. Unguja ilikuwa na majahazi ya Uarabuni, Uajemi na India kila msimu wa upepo kwa karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza kushuka. Lakini njia ipi hasa, na mwaka gani, matini ulizonazo hazitakuthibitishia. Andika sentensi tatu juu ya hilo, kisha songa mbele.

Jambo la bibi yako wa Makunduchi linanivutia kuliko hilo. Katika matini ya Steere muuzaji wa paa ni Mhadimu, mtu wa shamba anayeingia mjini na kizimba chake, na msimulizi ni wa mjini akiwasimulia wa mjini. Makunduchi ndiko kwa Wahadimu wenyewe. Je, bibi alimwita nani yule muuzaji? Alimpa jina? Alimfanya babu yake? Kama watu wa nyumbani wanaikumbuka, waulize kila mmoja peke yake. Hadithi ileile, kisiwa kilekile, na mtu ambaye mjini ni mgeni wa kupita tu, kusini anaweza kuwa jirani. Mabadiliko ya hadithi huwa tunayatafuta kati ya Paris na Zanzibar. Wakati mwingine yako kati ya Forodhani na Makunduchi.

Usimwamini Steere kupita kiasi, wala usimtupe. Alikuwa anajifunza lugha na alitaka wengine wajifunze. Wasaidizi wake walikuwa wanaume wa mjini. Alichoandika ni sauti iliyopunguzwa mwendo ili kalamu iifikie. Wasimulizi wa Gonzenbach karibu wote walikuwa wanawake. Ukilinganisha Unguja na Sicily, basi, unalinganisha pia baraza ya wanaume na uani wa wanawake, na lazima uliseme hilo wazi, vinginevyo mtahini atakuuliza nawe utakosa la kujibu. Kuna zoezi zuri hapo: Andrew Lang aliichukua ya Steere akaiweka katika kitabu cha watoto London mwaka 1901, na mwaka huohuo George Bateman akatoa yake Chicago. Weka matini tatu mezani, Kiswahili cha 1870 na Kiingereza mbili za 1901, usome aya za mwisho pekee. Utaona nani alipunguza kilio, nani aliongeza maelezo, nani alilainisha. Kazi hiyo inakutosha sura nzima na haikugharimu nauli, maana vitabu hivyo vyote vimetoka kwenye haki za uchapishaji na nakala zake zimepigwa picha kwenye maktaba za mtandaoni. Ukitaka karatasi yenyewe, anzia sehemu ya vitabu vya Afrika Mashariki kwenye maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani, na kama hukipati waulize TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya hapohapo.

Kuhusu namba na majedwali: usiogope. Namba ya hadithi yako ni 545B, katika orodha ya kimataifa ya aina za ngano iliyoanzishwa na Antti Aarne mwaka 1910, ikapanuliwa na Stith Thompson mwaka 1928 na 1961, na kurekebishwa na Hans-Jörg Uther mwaka 2004. Namba hiyo ni kama sanduku la posta: inakusaidia kupata barua, haikuambii zimeandikwa nini. Tena orodha ilijengwa kwa hadithi za Ulaya kwanza, za kwetu zikaingizwa baadaye kwa kubanwa. Ukikuta ngano ya Kizaramo au ya Kimakonde isiyokaa vizuri chini ya namba yoyote, tatizo ni la orodha. Vladimir Propp na matendo yake 31 ya wahusika wa ngano, ya mwaka 1928, yalitokana na hadithi mia moja za Kirusi. Yatumie kukumbuka mpangilio wa matukio, usiyageuze sheria. Na kuna hii mbinu mpya ya kompyuta: Jamshid Tehrani mwaka 2013 alilinganisha matoleo 58 ya Binti Kofia Nyekundu na jamaa zake kwa njia ambayo wanabiolojia hupangia ukoo wa viumbe, na ngano za Afrika zikaangukia zaidi upande wa ile ya mbwamwitu na watoto wa mbuzi kuliko wa binti mwenyewe. Kazi nzuri. Kwa matini kumi na kitu utakazokuwa nazo, haikuhusu.

Kitakachokuhusu ni mtego uliowanasa wakubwa. Mwanasaikolojia Erich Fromm mwaka 1951 aliifasiri kofia nyekundu ya yule binti kwa undani mkubwa, damu na ubinti na kadhalika. Mwanahistoria Robert Darnton mwaka 1984 akakumbusha kwamba wakulima wa Ufaransa waliposimulia hadithi hiyo, hapakuwa na kofia nyekundu. Aliyemvika ni Perrault. Kwako wewe kofia hiyo ni buti. Ukijikuta unaandika kurasa juu ya maana ya buti katika hadithi hii ulimwenguni, simama: paka wa Straparola hana buti, wa Basile hana, paa hana. Buti zinaeleza Paris ya 1697. Kabla ya kufasiri kitu chochote, hesabu kwanza kipo katika matoleo mangapi.

Zama zenyewe zisikupite. Mwaka 1864 mchoraji wa Kiingereza George Cruikshank aliitoa upya kwa watoto huku akilalamika kwamba ilivyo inafundisha uongo na kumpa mwongo tuzo, akaiandika upya ili uongo ule uondoke. Hakuugusa ukosefu wa shukrani. Kwake dhambi ilikuwa kudanganya. Na sinema za katuni za Hollywood, ambazo wanafunzi wako wote wamezitazama, zilimleta paka mwaka 2004 kama msaidizi wa wengine, na mwaka 2011 zikampa filamu yake mwenyewe ambamo kijana maskini hayupo kabisa. Mtumishi amebaki peke yake na ndiye shujaa. Suala la malipo limefutwa kwa kumfuta mwenye deni! Mimi naona hilo ni badiliko kubwa kuliko yote yaliyotangulia, na linasema jambo juu ya zama ambazo hakuna anayetaka kuwa mtumishi wa mwenzake hata hadithini. Wengine hawatakubaliana nami. Lijadili.

Uwandani huna haja ya kwenda mbali. Dar yenyewe ilianzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, muongo uleule ambao Steere alikuwa anaandika ngano ng'ambo ya maji, na tangu hapo watu wa Unguja, Mafia, Kilwa, Lindi na Tanga wamehamia na hadithi zao. Temeke na Mbagala zina mabibi wa kukutosha. Chukua barua ya utambulisho chuoni, ipeleke ofisi ya serikali ya mtaa, kisha nenda na sukari yako na majani ya chai kama mtu aliyelelewa. Mweleze bibi kwamba unarekodi na sauti itakwenda wapi. Akikataa kurekodiwa, andika kwa mkono.

Usimuulize kama anaijua ya paa na Sultani Darai. Ukimtajia, atakupa unachokitaka. Muulize kama ipo ngano ya mnyama aliyemfaa maskini, kisha nyamaza. Mwombe asimulie mara mbili kwa siku tofauti: mara moja mbele yako peke yako, mara nyingine mbele ya watoto baada ya magharibi, wakimwitikia pakawa yake. Mbele yako atafupisha, kwa kudhani umesoma na unajua. Mbele ya watoto nyimbo zitarudi, na mwisho unaweza kubadilika. Siku moja mmoja atamwacha paa apone, kwa sababu kuna mtoto anayelia. Andika hayo. Andika nani alikuwepo, saa ngapi, nani alicheka wapi. Kisha wachukue wajukuu pembeni, waambie wakusimulie paka wa kwenye televisheni, na usikilize kama wanamrudishia bwana aliyefutwa.

Jedwali utalihitaji, lakini liwe lako na liwe dogo: mnyama gani, kapatikanaje, kwa urithi au kwa bei, nyumba ilikuwa ya nani, malipo gani, nani kasimulia kwa nani, nani kachapisha kwa ajili ya nani. Matini nane za vitabuni na tano au sita za Dar zinatosha. Zaidi ya hapo utaanza kuhesabu badala ya kusoma.

Kwa msimamizi usiende kubishana. Mpelekee pendekezo lenye kichwa kinachosema malipo ya mnyama msaidizi katika hadithi ya maskini na paa, Zanzibar na Dar es Salaam, kwa kulinganishwa na matoleo ya Italia na Ufaransa. Suala la asili mpe aya moja katika mapitio ya maandishi, umtaje Krohn na Grimm, umwoneshe kwamba unalijua na umeliacha kwa sababu. Akiuliza mchango mpya uko wapi, mwambie hizo tano au sita za Dar, ambazo hazijachapishwa popote, pamoja na ile ya Makunduchi kama mtaipata. Anza na hiyo mapema, wazee wa familia wakiwa bado wanaikumbuka. Vitabu vya Venice na Naples vimekaa zaidi ya miaka mia tatu na tisini. Vitakusubiri mpaka umalize kurekodi.